Jirani yako mwenye midjeti: mkubalie mwaliko

Ndugu yangu wa Madison, umeuliza mambo matatu: kama hicho kigari ulichokiona kwenye gereji ya jirani yako ni cha kuchezea, kwa nini mzee wa miaka sabini bado anahangaika nacho, na wewe usiyejua injini utafanya nini ukienda naye kwenye mbio za vigari hivyo Jumapili, kama alivyokualika. Nimeishi jimbo hili la Wisconsin, Marekani, miaka kumi na minne, na karibu kila kiangazi hujitolea kwenye mbio hizo. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Si cha kuchezea. Ni gari dogo la mashindano; huku wanayaita midjeti. Gari lenyewe halifiki kilo 500, lakini injini yake ya silinda 4 inatoa zaidi ya nguvu farasi 300. Probox ya nyumbani ina uzito wa mara mbili na nguvu kama theluthi ya hizo. Halina stata wala klachi ya kukanyaga. Pikapu hulisukuma kwa nyuma, dereva akitazama geji ya oili. Presha ikipanda ndipo anabonyeza swichi, na hapo utasikia mlio kifuani kabla haujafika masikioni. Tairi la nyuma la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, kwa hiyo gari linajivuta lenyewe upande wa kushoto, na mbio zote ni kukata kona za kushoto kwenye udongo wa mfinyanzi.

Mchezo huu una miaka mingi. Mbio za kwanza zilizoandaliwa rasmi zilifanyika Sacramento, California, mwezi Juni 1933. Chama cha mbio za midjeti cha Badger cha hapa Wisconsin kipo tangu 1936, na nyumbani kwake ni Angell Park, Sun Prairie, uwanja wa theluthi ya maili ulio jirani kabisa nawe. Madereva maarufu wa Marekani kama A.J. Foyt, Mario Andretti, Jeff Gordon na Tony Stewart wote wamepita kwenye midjeti. Mwaka 1959 dereva Rodger Ward alipeleka moja kwenye uwanja wa Lime Rock, Connecticut, akawashinda wenye magari ya spoti ya Ulaya.

Lakini hao walipita wakaenda. Mzee wako hakwenda, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu ninamjua mwenzake.

Huyo wangu alianza akiwa na miaka ishirini na kitu, kwa gari alilouziwa na mjomba wake, akaendesha zaidi ya miaka arobaini. Siku za kazi alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Mbio kuu alizoshinda unaweza kuzihesabu kwa vidole na ukabakiza mkono. Niliwahi kumwona akipokea bahasha ya nafasi ya pili. Haikutosha kununua lile tairi la nyuma la kulia. Wakati wa theluji alikuwa akichomelea fremu gerejini, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa ya magari ya wenzake.

Nilichompendea zaidi ni jambo moja ambalo watazamaji hawalioni, maana linafanyika kabla jukwaa halijajaa. Udongo ukishamwagiwa maji huwa ni tope, lazima ushindiliwe. Madereva huombwa wazunguke polepole wakiukanyaga kwa matairi. Wengi hukwepa, kwa sababu gari linarudi limejaa tope na kulisafisha ni kazi ya nusu saa. Yeye hakukosa hata mara moja. Alikuwa akizunguka mpaka udongo unameta, kisha anakuja kuchukua kitambaa na kuanza kukwangua, huku vijana waliolinda usafi wa magari yao wakienda kukimbia juu ya udongo aliowaandalia. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Nilikuwa nikiudhika kwa niaba yake, na bado naudhika.

Alipoacha kuendesha kwa sababu ya mgongo, Jumapili iliyofuata alikuwa getini mapema kama kawaida, akauliza nani anaendesha pikapu ya kusukuma. Ni yeye mpaka leo.

Hatari ipo, sikufichi. Magari haya hutumia methanoli, na moto wake mchana hauonekani. Jioni moja kwenye uwanja mwingine, jua bado halijatua, niliona dereva ameruka nje akijipiga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Hapakuwa na moshi wala mwali. Nilisimama nikashangaa, na zile sekunde mbili tatu zinaniuma hadi sasa. Yule mzee wangu alinipita na ndoo ya maji akammwagia mwili mzima. Methanoli huchanganyika na maji, kwa hiyo maji huuzima moto wake, tofauti na petroli. Kijana alipona na malengelenge mkononi. Tangu siku hiyo sikai karibu na magari bila kujua ndoo iko wapi, na nawe fanya hivyo.

Kuhusu kutojua injini: mimi nilikuja nikiwa najua Safari Rally tu, ile ya kusimama kando ya barabara Naivasha na kumezwa na vumbi. Wakanipa kalamu niandike namba za magari mizanini. Mwaka wa pili nikapewa kusimamia foleni ya kuingia uwanjani. Kuna kuandikisha madereva, kubeba maji, kuokota vipande vya magari yaliyobinuka, kufunga geti usiku. Watu wa kufanya hayo wanazeeka na hawatoshi.

Nenda na viatu vya kuchafuka, miwani, na vizibo vya masikio. Mfuate jirani yako asubuhi, usingoje saa ya mbio. Na gari likirudi akakuomba umsaidie kulipandisha kwenye trela, sukuma kwenye fremu ya nyuma; bomba la moshi liko ubavuni na litakuwa bado linachoma.