Spika zisizo na boksi: besi yangu inapotelea wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetengeneza spika zisizo na boksi. Kila upande una wufa (spika ya besi) ya inchi 12 na twita (spika ya sauti nyembamba za juu) ya kawaida, zote zimefungwa kwenye ubao wenye upana wa sentimita 40, na masafa yanagawanywa kati yake na krosova (saketi ya kugawa masafa) ya Hz 3,000 niliyoinunua dukani. Waimbaji wanasikika kama waliozibwa pua, na besi karibu haipo. Je, ninunue amplifaya yenye wati nyingi zaidi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hifadhi fedha zako kwanza, kwa maana wati siyo tatizo. Koni inaposukuma hewa mbele huivuta nyuma wakati huohuo, na pasipo boksi wimbi la nyuma huzunguka ukingo wa ubao na kulipunguza la mbele. Kwenye ubao wako mzunguko huo ni takriban sentimita 20, yaani nusu ya wimbi la Hz 860. Hapo mawimbi mawili huungana na sauti huvimba, na uvimbe huo ndio unaowaziba pua waimbaji wako. Chini ya hapo mteremko wa sauti hukaribia desibeli 6 kwa kila oktava (yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu), hata ufikapo Hz 50 umepoteza kama desibeli 15 ukilinganisha na wufa hiyohiyo iliyomo ndani ya boksi lililofungwa.

Kuifidia besi hiyo kunahitaji hewa nyingi: kila masafa yanapopungua kwa nusu, koni ya spika ya aina hii hulazimika kusukuma hewa mara 8 ili sauti ibaki palepale, ilhali ndani ya boksi lililofungwa ni mara 4. Kwa hiyo tumia wufa mbili kila upande, zenye koni inayosafiri mbali na Qts (kipimo cha jinsi mtikisiko wa koni unavyodhibitiwa) ya 0.7 hivi, kisha uinyanyue besi kwa ikwalaiza kabla ya amplifaya.

Krosova yako ndiyo inayonisikitisha zaidi. Koni ya inchi 12 huanza kuibana sauti mbele yake kuanzia Hz 400 hivi, nawe unaidai ifike Hz 3,000. Ongeza spika ya kati ya inchi 6 au 8 kwenye ubao wenye upana mdogo kadiri uwezavyo, uikabidhi kazi kuanzia Hz 300. Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard, alichapisha mwaka 1976 krosova aliyoibuni pamoja na Russ Riley. Ile ya desibeli 24 kwa oktava huzishusha spika zote mbili desibeli 6 kwenye makutano (masafa ambapo spika moja huikabidhi nyingine kazi), na jumla yake hubaki sawa. Lakini mteremko unaohesabiwa ni ule unaofika sikioni: desibeli 6 kwa oktava zinazotokana na ubao ni sehemu yake, jambo ambalo krosova ya dukani haiwezi kulijua. Pima kwa maikrofoni, kisha rekebisha.

Twita yako imezibwa nyuma, hivyo juu ya makutano yake sauti ya nyuma hukatika ghafla. Linkwitz aliongeza twita ya pili nyuma ya spika zake za Orion. Nawe waweza kufanya hivyo, mradi nyaya zake uzigeuze, chanya iwe mahali pa hasi. Mwisho, weka ubao angalau mita 1 kutoka ukuta wa nyuma.