Hati ya shamba la Muheza na akaunti iliyonikataa

Julai 2023 mjomba alinipigia simu kutoka Muheza kabla jua halijachomoza. Mjomba wangu hapigi simu alfajiri bila jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ile karatasi ya shamba tuliyoandikishana na marehemu, si uliichapa wewe? Naitaka. Jirani kasogeza mpaka."

Nikamjibu asiwe na wasiwasi, adhuhuri haitafika hajaipata. Nilisema hivyo kwa uhakika kabisa. Nina steshenari hapa Ngamiani, mjini Tanga, nachapa, naskani na kutoa kopi tangu 2008, na karatasi nyingi za ukoo wetu zimepita mikononi mwangu. Hati ya lile shamba la michungwa niliichapa Agosti 2011. Nakala halisi mchwa waliila, lakini mimi nilikuwa nimeihifadhi mtandaoni, huko tunakokuita mawinguni, pamoja na kila kitu changu cha maana.

Nilipotaka kuifungua nikaambiwa niingie upya. Neno la siri nikaliandika sawasawa. Ikatakiwa namba ya uthibitisho, nayo imetumwa kwenye laini ya simu niliyoiacha miaka mingi nyuma. Laini hiyo ilikwisha kufungwa. Nikajaza fomu ya kuomba nirudishiwe akaunti, nikaeleza, nikarudia. Baada ya siku 9 likaja jibu la mistari miwili: wameshindwa kuthibitisha kwamba akaunti ni yangu. Hapakuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango, wala mtu wa kumwambia, "Nitazame, ni mimi."

Kampuni siitaji jina, maana utaratibu ule unafanana karibu kote. Na kwa haki yao, ugumu huohuo ndio unaomzuia mwizi asiingie kwenye barua zako. Lakini mjomba alikuwa anaitwa mbele ya baraza la ardhi la kijiji wiki iliyofuata, na mimi ndiye niliyemwahidi.

Kilichotuokoa ni kompyuta ya mezani iliyoungua mwaka 2017, siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ilikuwa darini, imefunikwa gunia. Nikaibeba hadi kwa fundi, akaifungua, akanusanusa, akachomoa waya mbili tatu.

"Dada, iliyoungua ni pawasaplai, kile kifaa cha kuingiza umeme. Diski yako ni nzima."

Akaichomoa ile diski, akaiweka kwenye kasha dogo la USB, akaichomeka kwenye laptopu yake. Mafolda yangu yote yakatokea kama nilivyoyaacha. Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Nililia pale kibandani na fundi akanisogezea kigoda.

Ndipo nikaanza kuitafuta hati yenyewe, na hapo nikagundua kosa la pili, ambalo ni langu mwenyewe. Diski ile ilikuwa na mafaili zaidi ya elfu kumi: "Document1", "mpya", "mpya kabisa", "mwisho", "mwisho sahihi", "barua ya mjomba". Barua za mjomba zilikuwa nyingi. Nilikaa tangu magharibi mpaka karibu usiku wa manane nikifungua moja baada ya nyingine. Kitu kilikuwa kwangu, mkononi, na bado sikukipata kwa saa tano.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyotunza kazi zangu na za wateja, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza, hasa wenzangu wenye steshenari, walimu, makatibu wa vikundi vya kuzikana na wale wanaotunza karatasi za familia.

Kwanza tuelewe mawingu ni nini. Kompyuta za zamani zilikuwa kubwa, zikakaa kwenye vyumba vya serikali, benki na vyuo vikuu, na mtu wa kawaida aliomba zamu. Zilipokuja za mezani, Apple II mwaka 1977 na ile ya IBM mwaka 1981, mashine ikahamia nyumbani kwa mtu na kazi yake ikakaa kwake. Kuanzia mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhia kwa yeyote anayelipa na Google ikaleta huduma ya kuandika hati ndani ya kivinjari, mambo yakaanza kurudi kule kwenye vyumba vikubwa. Faili lako liko kwenye diski kama hii niliyonayo, ila diski yenyewe ni ya mwingine, iko nchi nyingine, na masharti ya kuifikia anayaweka yeye. Anaweza kuyabadili pia. Google ilikuwa inapokea picha bila kikomo kwa watumiaji wa bure. Kuanzia Juni 2021 picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 zile zile zinazobeba na barua pepe. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Ni haki yao, mali ni yao. Wewe jua tu kwamba mzee wako akifariki na akaunti yake ikalala, picha zake zina muda.

Bibi yangu alikuwa na kasha. Humo mlikuwa na dhahabu yake, kanga za harusi, na bahasha za karatasi zilizonukia udi. Alipokwenda Pemba kwa miezi alimwachia shoga yake ufunguo wa pili. Hakumpa kasha. Mimi nilikuwa nimelitoa kasha zima.

Basi sasa asili ya kila hati inakaa kwangu, kwenye kompyuta ya kazini. Kila Jumamosi jioni nainakili kwenye diski ya nje, na diski ya pili iko kwa dada yangu Korogwe, tunabadilishana kila anapokuja Tanga. Mtandaoni naweka pia, ila ni nakala ya tatu. Msinielewe vibaya, mawingu yana faida yake. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, diski zinakufa, wezi wapo, umeme nao tunaujua. Mwenye kompyuta moja tu bila nakala yuko hatarini kuliko mwenye akaunti tu, na hilo nalisema kwa sababu nimekuwa yote mawili.

Kama vitu vyako vyote viko kwenye akaunti sasa hivi, anza wiki hii kuviteremsha. Kwa Google ipo huduma iitwayo Takeout, unaagiza vitu vyako vyote na wanakutengenezea furushi la kupakua. Furushi linaweza kuwa zito, kwa hiyo tafuta mahali penye intaneti ya waya au nunua bando la usiku, ugawe mafungu. Siku hiyohiyo badilisha namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti, na ile orodha ya namba za dharura wanayokupa, za kuingilia siku huna simu, iprinti, uiweke na cheti chako cha kuzaliwa.

Mei 2024 nilipata thawabu ya mazoea haya bila kutarajia. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika huko pwani ya Afrika Kusini, na siku zilizofuata intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Vijana walikuja dukani na barua zao za maombi ya kazi, ziko kwenye barua pepe, hazifunguki. Waliowahi kuchapisha kwangu niliwatolea papo hapo kutoka kwenye diski. Wengine tulichapa upya, kwa kukumbuka, na mwisho wa kupokea maombi ukiwa siku ileile.

Hapo pana jambo la amana ambalo wenye steshenari wenzangu tuliseme wazi. Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya ndoa, taarifa za benki, wateja wanatutumia kwa WhatsApp na sisi tunaviacha kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi. Mimi sasa mteja akilipa namuuliza: nifute au nikutunzie? Wengi wanasema futa, nafuta wakiona.

Turudi kwenye kutafuta, maana ndiko nilikopoteza zile saa tano.

Nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na mtu. Kitafutaji cha Windows, unapotafuta neno lililomo ndani ya hati, kwa kawaida hulinganisha mwanzo wa neno. Kwa lugha kama Kiingereza hilo linatosha, maana maneno yao mengi hukua mkiani. Kiswahili chetu kinakua kichwani. Ukiandika "shamba" utapata "shambani", lakini "mashamba" hayatokei. Ukiandika "uza", basi "aliuza", "ameuza", "muuzaji" na "mauziano" yote yanabaki gizani, ilhali hati nzima inahusu kuuza. Usiku ule niliandika "kuuza shamba" nikaambiwa hakuna kitu. Hati yenyewe ilikuwa na kichwa "Makubaliano ya mauziano".

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, tumia programu inayotafuta vipande vya katikati ya neno. Kwa majina ya mafaili mimi natumia moja ya bure iitwayo Everything: nikiandika "shamba" inaleta na "mashamba", papo hapo, bila intaneti. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, jina la faili liwe limeandikwa na mtu anayefikiria siku ya kulitafuta. Naanza na mwaka, mwezi na siku ili zijipange zenyewe, kisha mahali, kisha jambo katika umoja wake, kisha wahusika: "2011-08-14 Muheza shamba kuuza mpaka mjomba". Ni jina refu na halipendezi. Linapatikana.

Picha ya karatasi nayo ni picha tu, kompyuta haioni maneno yaliyomo. Kwa maandishi ya mashine ipo programu ya bure iitwayo Tesseract inayosoma na Kiswahili, na inasoma vizuri karatasi ikiwa safi na imenyooka. Maandishi ya mkono inayavuruga. Hayo yapatie jina kwa mkono wako.

Na huko mtandaoni? Tulizoea kutafuta kwa kupewa orodha ya kurasa. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, hesabu yao ilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine una uzito. Sasa mtambo unasoma kurasa kwa niaba yako na kukupa jibu moja lililokwisha kuandikwa. ChatGPT ilifika Novemba 2022, na kufikia Mei 2024 Google nayo ilianza kuweka majibu ya akili mnemba juu kabisa kwa watafutaji wa Marekani, kisha kwingine. Vijana dukani kwangu hawafungui tena ukurasa wowote. Wanasoma jibu, wanaondoka.

Mwaka jana mteja alitaka kumuuzia nduguye kipande cha shamba kijijini. Alikuja na jibu kwenye simu, Kiswahili chake kimenyooka, likimwelekeza aende kuomba kibali kwa bodi ya udhibiti wa ardhi. Bodi hiyo ni ya Kenya. Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Yule kijana alikuwa tayari kupanda basi kuitafuta ofisi ambayo haipo. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kijiji chake, nikawakutanisha, wakaelewana.

Kosa lile naliona hivi: mtambo hujibu kutokana na yaliyoandikwa na kuwekwa wazi, na ya kwetu yaliyoandikwa ni machache. Palipo na pengo unachota kwa jirani. Kwa hiyo jibu lolote la sheria, ardhi au dawa, uliza ni la nchi gani, omba jina na namba ya sheria, kisha uisome sheria yenyewe. Nakala yake ihifadhi kwako, usiitafute upya kila mara.

Mpwa wangu ameniwekea mtambo mdogo wa namna hiyo ndani ya laptopu yake yenye RAM ya GB 16, unafanya kazi bila intaneti kabisa, ukiulizwa kuhusu hati zetu wenyewe. Ni wa polepole na ngeli zinaushinda, unaandika "shamba kilikuwa". Lakini tulipouliza nani walikuwa mashahidi wa mauziano ya 2011, ulitaja majina matatu na faili ulikoyatoa. Nikalifungua, nikayaona. Huo ndio utafutaji ninaoutamani: unaotafuta ndani ya kasha langu, kasha likiwa chumbani kwangu.

Mjomba alishinda shauri lake, mpaka ukarudishwa. Tangu hapo amekuwa akija Tanga kila Ijumaa, tukitoka kula mchana tunakaa dukani na bahasha za babu, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika ukoo wetu yeye peke yake ndiye aliyebaki anazisoma kwa wepesi. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nachapa, mpwa anarekodi. Kisha tunakubaliana jina la faili. Tumemaliza bahasha mbili. Ya tatu imeandikwa Pangani, wino umefifia, na mjomba amesema wiki ijayo atakuja na miwani mipya.