Kabla ya kuilaumu kamusi, isome nambari ya herufi

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayejifunza Kichina aliniandikia kwamba kamusi ya kompyuta aliyojiundia hupata maneno karibu yote yaliyoandikwa kwa Zhuyin, yaani herufi za kuandikia matamshi ya Kichina, lakini akitafuta ㄊㄧㄢ, yaani tian, haoni kitu, ingawa neno analitazama kwa macho yake. Sikuhitaji kuiona programu yake ili kujua mkosaji ni nani, maana kistari hicho cha katikati nakifahamu kuliko ninavyopenda.

Zhuyin, au Bopomofo kama wengi wanavyoiita kwa sauti za herufi zake nne za kwanza, ilitangazwa na serikali ya Jamhuri ya China mwaka 1918, na mpaka leo watoto wa Taiwan huanzia kusoma kwa herufi zake 37. Herufi ya sauti i ni ㄧ, nayo karibu haitofautiani na 一, neno la Kichina la "moja". Katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi ya kompyuta nambari yake, hata hivyo, ya kwanza ni U+3127 na ya pili ni U+4E00, na kompyuta haioni undugu wowote baina yake.

Nilikuwa mwanafunzi Taipei wakati mchapishaji mmoja mdogo wa vitabu vya watoto aliponipa orodha ya maneno niitengenezee mfumo wa kutafutia. Sehemu kubwa ya maneno yenye sauti hiyo haikupatikana. Nikaacha kuyatazama maandishi, nikaiamuru programu inichapishie baiti zake, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhia herufi: mahali pa E3 84 A7, ambayo ni ㄧ, palikuwa na E4 B8 80, ambayo ni 一. Waliochapa orodha walibonyeza kitufe cha U, ambacho ndicho cha ㄧ katika kibodi ya kawaida ya Taiwan, kisha nafasi, na kibodi ikawageuzia herufi kuwa neno bila wao kutambua. Nilipoeleza hayo, meneja alisema mbele ya wenzangu kwamba mgeni hawezi kumfundisha herufi alizokua nazo. Baadaye kazi ilimaliziwa na mtu mwingine, kwa orodha niliyoisahihisha mimi, na shukrani sikuipata. Sijasahau, na sioni sababu ya kujifanya nimesahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiyaamini macho, amini nambari. Usikimbilie pia kugeuza kila 一 kuwa ㄧ, kwa sababu kamusi yako ina "moja" za kweli, na ukizifuta utakuwa umeongeza ugonjwa. Geuza ndani ya safu ya matamshi peke yake. Wala usidhani kwamba usanifishaji wa Unicode, yaani kanuni za kuziweka namna mbalimbali za herufi moja katika umbo moja, utakufanyia kazi hiyo, kwani hauziunganishi herufi hizi mbili kwa namna yoyote, na ni sawa usifanye hivyo. Ukimaliza, kagua ㄚ, herufi ya sauti a, ambayo ni U+311A, isije ikawa mtu aliandika neno la Kichina 丫, ambalo ni U+4E2B.

Fonti nazo zina vituko vyake. Zipo zinazokichora kistari kikiwa kimelala na zipo zinazokichora kimesimama, lakini nambari ni ileile. Anayeona kimesimama akaweka mstari wa wima wa kibodi anajitafutia msiba mwingine. Vijana wengi wanaoandika programu siku hizi hubadilisha fonti, hubadilisha kompyuta, hata lugha ya programu, kabla ya kuuliza swali dogo la nambari, na uvivu huo hauna dawa ila kuuacha.

Jambo la mwisho linahusu toni. Ukiweka kichujio kinachokubali U+3100 hadi U+312F tu, herufi zote 37 zitapita, ila alama za toni zitaanguka, kwa kuwa ˊ ni U+02CA, ˇ ni U+02C7, ˋ ni U+02CB na ˙ ni U+02D9, zote nje ya fungu hilo. Ziruhusu kwa majina yake, kisha tafuta ㄉㄧㄢˋ, neno la umeme. Likipatikana, nenda kwenye safu inayofuata.