Kompyuta ya injini kwa Corolla yenye supachaja

Ndugu yangu, umebadilisha puli ya injini yako ya 4A-GZE ili supachaja isukume hewa zaidi ndani yake, na sasa unauliza ufunge kompyuta gani ya injini: Link, Haltech au MegaSquirt. Mimi ningeanza na fundi. Hapa Unguja wa kuunga waya hakosekani. Anayejua kupanga mafuta na moto wa plagi kwa laptopu ndiye wa kutafuta kwa tochi. Hata akibidi avuke kutoka Dar, nunua ile anayoijua yeye. MegaSquirt ina nafuu ya bei, ila inataka mtu mwenye subira. Kile kiboksi cha kuidanganya kompyuta ya asili mimi sikitaki kabisa.

Kitu wengi wanakisahau: supachaja yako ya SC12 ina klachi ya sumaku, kama kompresa ya AC. Kompyuta mpya lazima iwe na njia ya kuiwasha na kuizima. Sensa ya presha ya hewa inayoingia chukua ya ba 2.5 (ba ni kipimo cha presha), na ya joto la hewa usiiache, maana kwa joto letu hewa inaingia ya moto, na moto wa plagi usipocheleweshwa kidogo, injini itagonga (mafuta kulipuka ovyo ndani) mpaka pistoni ipasuke. Funga na lamda ya waidibendi, sensa ya kwenye ekzosi inayoonyesha uwiano wa hewa na mafuta. Ukikanyaga mpaka mwisho, ikae karibu na 11.5 hadi 12, yaani uzito huo wa hewa kwa 1 ya petroli.

Kompyuta yenyewe iweke ndani ya gari, chini ya dashibodi. Chumvi ya bahari inakula pini za soketi mpaka zinaota kijani.