Jiko la kuni na dohani yake

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza katika nyumba yako ya Wete jiko la kuni likae upande gani, na dohani ipande ndani ya nyumba au nje ya ukuta. Nimefurahi umeuliza kabla kuta hazijasimama. Wengi huukumbuka moshi paa likishaezekwa, na anayeumia ni mpishi, macho na kifua.

Anza na upepo. Kaskazi hutuvumia kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka upepo unatujia upande wa mawio. Jiko liweke magharibi, moshi uende zake bila kupita vyumbani. Lakini upepo ukishavuka kilele cha paa huporomoka upande wa pili, na dohani fupi iliyojificha huko hurudishiwa moshi wake mpaka jikoni. Fundi akikwambia nusu mita juu ya bati inatosha, usimkubalie. Itokeze angalau sentimita 90 juu ya pale inapotoboa paa, tena izidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, kilele cha paa na matawi ya mwembe yakiwemo.

Ndani au nje? Ndani. Moshi hupanda kwa kuwa ni wa moto, mwepesi kuliko hewa inayouzunguka. Ukipoa njiani hulegea, huacha masizi, na jiko halivuti. Ipitishe kwenye ukuta wa jiko na stoo, si wa chumba cha kulala, maana watoto watalala na joto lake. Ipande wima. Boriti za paa zikae mbali nayo sentimita 5 au zaidi, na jikoni usiezeke makuti hata kidogo; cheche moja inatosha.

Sasa hili nakuomba ulisimamie mwenyewe. Mdomo wa moto usijengwe kwa mawe ya matumbawe, hata kama yamebaki mengi kwenye msingi. Chokaa yetu tunaipataje? Kwa kuyachoma mawe hayohayo kwenye tanuu. Ukiyaweka motoni kila siku yatageuka chokaa polepole na kumeguka, na bloku za saruji nazo hupasuka. Tafuta matofali ya udongo ya kuchoma, uyashike kwa udongo mwekundu, na dohani yote iwe ya matofali hayo. Bomba la bati hewa ya bahari italila.

Eneo la tundu la njia ya moshi liwe kama sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa jiko. Mdomo wa sentimita 60 kwa 50 unataka tundu la sentimita 15 kwa 20. Juu weka kofia ya kuzuia mvua za masika, pembeni pawe wazi. Chini acha kijimlango cha kutolea masizi.

Jiko pia linahitaji hewa ya kuingia. Acha tundu chini ya ukuta, ila usilipange jiko katikati ya mlango na dirisha vinavyotazamana, upepo utautawanya moshi kabla haujaiona dohani.

Nitumie picha ya ramani kabla ya kumwaga zege la msingi, na umuulize mkeo sufuria yake kubwa ina upana gani. Kipimo hicho ndicho nitakachoanzia.

Baba yako