Racheti au bizimu ya kubana?

Ndugu yangu, umeuliza ununue mikanda ya racheti (ile inayokazwa kwa mpini wenye meno) au ile ya bizimu ya kubana, ili upakie kayaki mbili za plastiki juu ya Probox kutoka Nyali hadi Diani. Chukua ya bizimu. Racheti waachie wenye malori: ukizidisha kukaza kidogo tu, na kayaki imeshinda juani, plastiki hulainika na mkanda unaacha mbonyeo tumboni mwake. Ya bizimu unaivuta kwa mkono, ikikaza imekaza.

Angalia pia mkanda umefumwa kwa nini. Poliesta, si nailoni. Nailoni ikilowa hurefuka, na kayaki yako itapanda garini ikichuruzika maji ya bahari. Upana wa milimita 25 watosha, urefu mita 4 hivi. Bizimu iwe na kipande cha mpira nyuma, isije ikachuna rangi ya gari (na hapa Mombasa rangi ikichunika, kutu haingoji).

Mkanda upitishe chini ya fito za keria, kisha uupige msokoto mmoja pale ulipo wazi, la sivyo utavuma njia nzima. Funga pia kamba mbele na nyuma. Ukipitia barabara ya Dongo Kundu, upepo wa darajani waweza kunyanyua pua ya kayaki. Blada, ile mipira ya kufungia mizigo, waachie bodaboda, zinavutika mno. Ukienda kilomita chache simama, ukaze tena. Jioni suuza mikanda kwa maji matamu, hasa kwenye meno ya bizimu, ndipo chumvi inapojificha.