Tumfungie ndani aache pombe?

SWALI: Dokta shikamoo. Kaka angu anapiga gongo kila siku toka asubuhi, asipokunywa mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinamwagika. Mama anataka tumfungie chumbani wiki nzima aache, hospitali hataki kusikia. Tufanyeje? (Dada mtu, Temeke)

JIBU: Marahaba, na pole sana. Tafadhali msimfungie! Huo mtetemeko unaonyesha mwili umeshazoea pombe, mkiikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu siku ya pili mpaka ya nne akaanza kuweweseka, anaona vitu ambavyo havipo, jasho, mapigo ya moyo yanakimbia, na hali hiyo inaua kabisa. Wodini wanampa diazepam (dawa ya kutuliza mwili na kuzuia degedege) wakipunguza dozi taratibu, na vitamini B1 ili ubongo usiharibike, na nesi anamcheki usiku kucha, kitu ambacho nyumbani hamtakiweza hata mkimpenda vipi. Mara nyingi analazwa kama wiki hivi. Ila hapo ni sumu tu imetoka, hamu bado ipo, kwa hiyo kabla hajaruhusiwa ulizieni ushauri nasaha na kliniki ya kurudi. Mpelekeni hospitali ya wilaya au mkoa, mseme ukweli anakunywa kiasi gani. Akidondoka degedege kabla hamjaenda, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, kimbieni emajensi.